Perege wa Wami na fumbo la dume na jike

Mfugaji wa perege halalamiki kwamba samaki wake hawazai. Analalamika kwamba wanazaa mno. Perege hupevuka akiwa na miezi michache tu, jike huatamia mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na haupiti muda bwawa linajaa vitoto vinavyogombea chakula na wazazi wao. Siku ya kuvua, nyavu zinatoka na samaki tele, kila mmoja hajazi hata kiganja. Dawa inayojulikana ni kufuga madume watupu, ambao pia hukua haraka kuliko majike.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza C. F. Hickling alikuwa akihangaika na tatizo hilo huko Malacca, Malaya, katika taasisi ya utafiti wa ufugaji wa samaki. Alikuwa na perege wa namna mbili: wa Msumbiji, waliokuwa wameenea Asia kupitia Java, na wengine walioletwa kutoka Zanzibar. Alidhani wote ni jamii moja. Alipompandisha jike wa Java kwa dume wa Zanzibar, watoto walitoka madume watupu. Alipogeuza, dume akawa wa Java na jike wa Zanzibar, alipata takriban madume watatu kwa kila jike mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa 1960.

Jibu lilikuwa ndani ya kromosomu, zile nyuzi zilizobeba jeni katika kila seli. Kwa binadamu, mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Kwa hiyo mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Kwa kuku mambo ni kinyume: jogoo ana Z mbili, tetea ana Z na W, na anayeamua ni mama. Perege wa Msumbiji anafuata mtindo wa binadamu. Yule wa Zanzibar, ambaye asili yake ni Mto Wami huko bara, anafuata mtindo wa kuku. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, bingwa wa samaki wa London, alimpa jina lake la kisayansi, *hornorum*.

Sasa hesabu ya Hickling inakaa sawa. Jike wa Java hana cha kutoa ila X, dume wa Wami hana cha kutoa ila Z. Kila mtoto anapata X na Z, naye huwa dume. Ukigeuza, michanganyiko inakuwa minne: XZ, XW, YZ na YW. Kati ya hiyo, XW peke yake ndiye jike.

Lakini inakuwaje samaki wa karibu kiasi cha kuzaliana wawe na kanuni zinazopingana?

Kromosomu za jinsia huanza zikiwa jozi ya kawaida. Siku moja jeni ndani ya mmojawapo wa wenza hao hubadilika na kuwa swichi ya udume au ya ujike. Taratibu wenza hao huacha kubadilishana vipande, na yule mwenye swichi huanza kuchakaa, maana makosa yake hayasahihishwi tena. Ndiyo hali ya Y ya binadamu: X ina jeni zaidi ya 800 za kutengeneza protini, Y imebaki na takriban 100. Mamalia wamekwama na jozi hiyo kwa zaidi ya miaka milioni 150. Samaki wengi hawasubiri uchakavu huo. Swichi mpya huzuka kwenye kromosomu nyingine na kushika usukani, na ile ya zamani hurudi kwenye kazi zake za kawaida.

Ziwa Nyasa linaonyesha mabadiliko hayo yakiwa bado yanaendelea. Miongoni mwa mbuna, samaki wadogo wa kwenye miamba, madume wengi ni wa buluu, na rangi hiyo ndiyo inayowavutia majike. Baadhi ya majike wana mabaka ya rangi ya chungwa yanayowaficha dhidi ya maadui. Dume akiyarithi mabaka hayo, anapoteza mvuto wake. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza jinsi mgogoro huo ulivyotatuliwa: jeni ya mabaka iko jirani kabisa na swichi mpya ya ujike iliyo kwenye kromosomu ya W, hivyo wanaoyarithi karibu wote ni majike. Katika baadhi ya jamii, mfumo huo wa ZW na ule wa XY huishi pamoja ziwa hilohilo.

Sato, anayefugwa kuliko perege wote duniani, ana jozi 22 za kromosomu, na hata kwa hadubini X na Y yake hazitofautiani kwa urahisi. Swichi yake ya udume, iliyotangazwa 2015, ni nakala ya jeni iitwayo amh. Hata hivyo swichi hiyo haina neno la mwisho. Vifaranga vyenye XX vikikulia kwenye maji ya joto la nyuzi 36 au zaidi, baadhi hugeuka madume. Chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne hufanya vivyo hivyo. Dume wa namna hiyo akipandishwa kwa jike wa kawaida, watoto huwa majike, kwa sababu pande zote mbili hakuna Y.

Urahisi wa perege wa jamii tofauti kuzaliana, ule uliomsaidia Hickling, una upande wake mbaya. Sato amesambazwa kwenye mito na mabwawa ya Tanzania ambako hakuwapo zamani, na tayari amekutwa akizaliana na perege wa asili. Mfugaji aliye karibu na Wami, Ruvu au Rufiji azibe njia za kutolea maji ya bwawa lake kwa wavu wa matundu madogo, wala asimwage vifaranga vilivyobaki mtoni.