Somo la Leo: Hasira ya Mashabiki

Leo twasoma habari ya mwamuzi.

Tarehe 12 Desemba 2021, huko Abu Dhabi, Lewis Hamilton aliongoza mashindano ya magari. Nicholas Latifi akagonga ukuta, na magari yote yakafuata polepole gari la usalama. Kisha mwamuzi akayaondoa magari matano tu, yaliyomtenga Hamilton na Max Verstappen. Mengine yaliyoachwa mzunguko mzima yakabaki. Verstappen, mwenye tairi mpya, akashinda katika mzunguko wa mwisho. Mashabiki wakawaka. Wengine wakamtishia Latifi kumwua! Mwaka 2022 wakuu wa mchezo walikiri kosa la kibinadamu, lakini matokeo hayakubadilika.

Kuupinga uamuzi ni haki. Je, Latifi aliamua nini? Jadilianeni.