Mteja Huyu au Mteja Hili? Mawakili, Mazimwi na Upatanisho wa Kisarufi katika Katuni za Batton Lash

1.0 Utangulizi

Mwaka 1979 gazeti la mtaa la Brooklyn, New York, liitwalo The Brooklyn Paper, lilianza kuchapa katuni ya mfululizo ya mchoraji Batton Lash (1953–2019). Wahusika wake wakuu, Alanna Wolff na Jeff Byrd, ni mawakili wenye ofisi ya kawaida, katibu muhtasi wa kawaida aitwaye Mavis, na wateja wasio wa kawaida hata kidogo: wafu wasiotulia, wanyonyadamu, viumbe wa bwawani, watu waliolaaniwa. Kuanzia mwaka 1983 katuni hiyo ilichapwa pia katika National Law Journal, gazeti linalosomwa na wanasheria wa Marekani. Mwaka 1994 Lash na mkewe, Jackie Estrada, walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, Exhibit A Press, ili kuitoa katika umbo la vijitabu. Jina la kwanza la kazi hiyo, Wolff & Byrd, Counselors of the Macabre, lilibadilishwa baadaye kuwa Supernatural Law, yaani sheria ya mambo yaliyo nje ya maumbile.

Lash hakuwa mwanasheria. Alisomea uchoraji katika School of Visual Arts, ambako miongoni mwa walimu wake walikuwa Will Eisner na Harvey Kurtzman. Hata hivyo, wanasheria waliipokea kazi yake kama yao, na jambo hilo linahitaji maelezo. Makala haya yanadai kwamba kicheko katika katuni hizi hakitokani hasa na sura ya zimwi. Kinatokana na swali ambalo mahakama hulazimika kulijibu kabla ya mengine yote: huyu aliyesimama hapa ni mtu au ni kitu? Kiingereza huweza kuliahirisha swali hilo mpaka kifike kwenye kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja. Kiswahili hakina nafasi hiyo, kwa kuwa hulijibu katika kila kitenzi, kila kivumishi na kila kionyeshi. Kwa hiyo anayefikiria kuzitafsiri katuni za namna hii, au kuandika zake kwa Kiswahili, anakutana na suala la sarufi ambalo papo hapo ni suala la haki.

2.0 Wakili asiyeshangaa

Katika nadharia ya kisemantiki ya ucheshi iliyoasisiwa na Raskin (1985), matini huchekesha inapoafikiana, kikamilifu au kwa sehemu, na skripti mbili zinazopingana. Skripti mbili za Lash zinaonekana bila shida: ya kutisha na ya ofisini. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi. Vichekesho vingi vinavyomweka zimwi mahali pa kawaida humtegemea mtu anayeshtuka, mathalani mhudumu anayeangusha sinia au jirani anayekimbia bila viatu. Lash ameuondoa mshtuko huo. Wolff na Byrd hawashangai. Anayeingia mlangoni mwao, awe na manyoya au hana mwili kabisa, ni mteja kama wateja wengine: ana faili, ana tarehe ya kusikilizwa, na anadaiwa ada.

Carroll (1990) analifafanua zimwi la hadithi za kutisha kuwa kiumbe kinachovuruga kategoria, kwa mfano kuwa hai na mfu kwa wakati mmoja, au mtu na mnyama. Sheria nayo ni kazi ya kupanga mambo katika kategoria: mpangaji au mvamizi, mrithi au mgeni, mtu mzima au mtoto. Msomaji angetarajia kwamba viwili hivi vikikutana, sheria itavunjika. Katika katuni za Lash haivunjiki. Inafungua faili. Ndiyo maana wanasheria walicheka: waliitambua kazi yao ya kila siku.

Chimbuko la masimulizi haya ni la zamani kuliko Lash. Katika Dracula ya Bram Stoker (1897), msimulizi wa kwanza, Jonathan Harker, ni wakili kijana anayesafiri hadi Transylvania kukamilisha ununuzi wa nyumba iliyoko Purfleet, mashariki ya London. Mnyonyadamu maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiingereza anaingia Uingereza akiwa na hati halali za mauziano, zilizoandaliwa na wakili wake. Tena, ile kanuni kwamba hawezi kuingia katika nyumba kwa mara ya kwanza mpaka akaribishwe na mmoja wa wenyeji ni, kwa jicho la mwanasheria, suala la ridhaa katika kosa la kuingia pasipo ruhusa. Wakili yeyote wa utetezi angeanzia hapo.

Nchini Marekani kielelezo kinachojulikana zaidi ni hadithi fupi ya Stephen Vincent Benét, “The Devil and Daniel Webster” (1936), ambamo wakili anamtetea mkulima wa New Hampshire dhidi ya Ibilisi mwenye mkataba mkononi. Lash aliugeuza mpangilio huo kwa kumhamishia wakili upande wa pili wa meza. Mahakama za kweli nazo hazikuwa mbali. Mwaka 1971, katika mahakama ya shirikisho jimboni Pennsylvania, mtu mmoja aliomba kumshtaki Shetani na watumishi wake kwa kumharibia maisha. Jaji hakusema kwamba Shetani hayupo. Alitilia shaka mamlaka ya mahakama juu ya mlalamikiwa ambaye haikuonyeshwa kuwa ana makazi katika eneo lake, akauliza kama shauri hilo halipaswi kufunguliwa kwa niaba ya walalamikaji wengi, akabainisha kwamba mwombaji hakutoa maelekezo ya namna ya kumfikishia mlalamikiwa hati ya wito, kisha akakataa ombi. Katika uamuzi huohuo aligusia kesi ya New Hampshire isiyo na taarifa rasmi. Ilikuwa hadithi ya Benét. Miaka 20 baadaye, mwaka 1991, mahakama ya rufaa ya New York iliamua kuhusu nyumba moja ya Nyack ambayo mwenyewe alikuwa ameitangaza magazetini kuwa ina mizuka kabla ya kuiuza. Mahakama ilisema kwamba muuzaji hawezi tena kuikana mizuka hiyo, na kwamba kwa mujibu wa sheria nyumba ina mizuka. Mnunuzi akaruhusiwa kuendelea na madai ya kuvunja mkataba.

Maamuzi hayo mawili yameandikwa kwa mzaha usiofichika, lakini ni maamuzi ya mahakama. Hayakuuliza kama kiumbe yupo. Yaliuliza nani ana haki ya kusema nini juu yake.

3.0 Mtu, kitu, jitu

Mmoja wa wateja wanaorudi mara kwa mara katika ofisi ya Wolff na Byrd ni Sodd, kiumbe wa bwawani aliyebuniwa kwa kuwadhihaki wenzake wa katuni za Marekani za miaka ya 1970. Lakabu yake ni the Thing Called It. Utani umebebwa na kiwakilishi it, kinachomnyima mteja nafsi hata kabla hajajitambulisha. Je, lakabu hiyo itasemwaje kwa Kiswahili? Hakuna kiwakilishi kimoja cha kutumia. Kuna hiki, hili, hii, huu, na kila kimoja kinadai ngeli yake. “Kitu Kiitwacho Hiki” ni sahihi kisarufi, lakini utani umekufa njiani.

Hasara hiyo, hata hivyo, ina fidia. Mzizi -tu huzaa mtu, kitu, jitu na utu. Lugha ambayo imeyaweka maneno ya binadamu, ya chombo na ya zimwi katika mzizi mmoja, ikayatofautisha kwa kiambishi tu, imekwisha kuandaa uwanja ambao Lash alilazimika kuujenga kwa michoro. “Sodd amefika”, “Sodd limefika” na “Sodd kimefika” si sentensi tatu zenye maana moja. Kila moja ni hoja mbele ya mahakama.

Kanuni ya jumla, ambayo Ashton (1944) aliieleza na ambayo sarufi nyingi zimeirudia, ni kwamba nomino zinazotaja viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo lake: kipofu ameketi, vifaru wamekimbia. Kanuni hiyo huyumba inapofika kwa viumbe wa Lash. Methali isemayo “zimwi likujualo halikuli likakwisha” inaonyesha hivyo. Zimwi hili lina ujuzi, lina kumbukumbu, lina hata kiasi cha huruma. Wakili mwerevu angeweza kuitumia methali hiyo kuomba mteja wake apunguziwe adhabu. Lakini methali haikulipa a-. Imelibakiza kwenye li- kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha mwisho. Watambaji wa ngano, kwa upande mwingine, humpa zimwi a- mara anapoanza kusema na kudanganya. Jini na shetani hupewa a- karibu bila ubishi. Mzimu huyumba: husemwa mizimu imekasirika, na pia husikika mizimu wamekasirika.

Tofauti hizi si makosa ya wasemaji. Zinaonyesha kwamba upatanisho wa A-WA hautolewi kwa kigezo cha uhai peke yake, bali pia kwa kadiri msemaji anavyokubali kwamba anayetajwa ni wa kusemeshwa. Ukubwishi na udunishaji hufanya kazi hiyohiyo kwa binadamu halisi. Anayesema “jitu limekaa mlangoni” juu ya jirani yake hajakosea ngeli. Amemvua jirani utu kwa silabi moja.

Sheria hufuata mpaka mwingine. Katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, neno mtu linajumuisha pia kampuni na vyombo vya namna hiyo. Msingi wa fikra hiyo katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza ni kesi ya Salomon, iliyoamuliwa na House of Lords mwezi Novemba 1896, miezi michache kabla Dracula haijatoka. Kampuni, isiyo na mwili wala pumzi, ikatambuliwa kuwa mtu aliye mbali na wenye hisa wake. Hata hivyo hakuna mwanasheria wa Dar es Salaam anayesema “kampuni ameshtakiwa”. Husema imeshtakiwa. Tunapata hali ya kuchekesha kweli: kampuni ni mtu kisheria lakini si mtu kisarufi, ilhali jini ni mtu kisarufi lakini si mtu kisheria. Wakiketi pamoja kizimbani, ni vigumu kusema yupi kati yao ni kioja zaidi.

Hapa mfasiri ana nyenzo ambayo Lash hakuwa nayo kwa kiwango hiki. Anaweza kumfanya mwendesha mashtaka ashikilie li- katika kila sentensi, wakili wa utetezi ashikilie a-, na hakimu aanze na li- kisha, katikati ya hukumu, bila kutangaza, ahamie a-. Msomaji ataijua hukumu kabla haijasomwa. Kuweka upatanisho mmoja katika katuni nzima kwa jina la usanifu kutakuwa kuitupa nyenzo hiyo, na wahariri wenye mazoea ya kusawazisha kila kitu wangefanya vyema kujizuia.

4.0 Wateja wa hapa

Tatizo la msamiati ni dogo kuliko linavyodhaniwa, ila lina mitego. Neno mumiani linavutia kwa mnyonyadamu wa Ulaya, lakini halifai. Kama White (2000) anavyoonyesha katika utafiti wake wa uvumi wa enzi za ukoloni, wanyonyadamu wa Afrika Mashariki walisimuliwa kuwa watu walioajiriwa: wana vifaa, wana magari, wana bwana anayewalipa. Dracula hana mwajiri. Mumiani akifikishwa mahakamani, suala la kwanza litakuwa dhima ya mwajiri kwa matendo ya mwajiriwa wake, na hiyo ni katuni nyingine kabisa.

Dhihaka ya rejesta nayo huhitaji rejesta iliyozoeleka. Zamani hoja hiyo ingetosha kuzuia mradi wa namna hii, kwa sababu kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, misemo kama pingamizi la awali, hati ya wito na wakili msomi imezidi kuwafikia watu wa kawaida. Rejesta inayosikika kila siku huweza kuchezewa, na wasomaji waliokulia kwenye Juha Kalulu au gazeti la Sani hawahitaji kufundishwa kwamba picha na maneno vinaweza kupingana kwa makusudi.

Mteja anayefaa zaidi kwa ofisi kama hiyo ya Kiswahili huenda ni msukule. Umbo la neno ni la M-MI, lakini wasemaji husema msukule amerudi na misukule wanalima, kwa kuwa kila msukule alikuwa jirani wa mtu kabla ya kuitwa hivyo. Tuseme amezikwa, msimamizi wa mirathi ameteuliwa, nyumba imegawanywa, naye anarejea na kudai chumba chake. Wakili wa warithi atasimama na pingamizi la awali: mdai hana haki ya kufungua shauri, kwani cheti cha kifo kipo na hakijabatilishwa. Wakili wa utetezi atajibu kwamba mteja wake ameketi palepale, benchi la mbele, na ana njaa. Katika mabishano hayo neno litakalochekesha kuliko yote halitakuwa msukule. Litakuwa marehemu, neno la heshima linalochukua A-WA bila shaka yoyote, litakapotoka kinywani mwa wakili msomi wa warithi: “Mheshimiwa Hakimu, naomba marehemu aelekezwe asinikatize.” Karani wa mahakama, kalamu mkononi, atalazimika kuamua aandike nini kwenye safu ya jina la shahidi.