Kopo la Dawa Zilizobaki

Msomaji mpenzi, hebu tazama juu ya kabati lako. Je, hakuna kopo lenye vidonge vilivyobaki? Nyumbani kwangu lilikuwako. Mwaka jana mwanangu mdogo alishikwa na mafua na kikohozi, nami nikafungua kopo nikatoa vidonge vya rangi mbili. Binti wa kaka yangu, asomaye sekondari, alikuwa kwetu kwa likizo. Akaniuliza kwa adabu, “Baba mdogo, nani amekuandikia dawa hiyo?” Sikuwa na jibu. Mimi niliyesomea ualimu nikafundishwa na mtoto.

Maneno hayo aliyapata shuleni. Yafaa ujue kwamba hapa Tanzania wanafunzi wa vyuo wanaosomea ufamasia, katika chama chao cha TAPSA, wamezunguka shule za sekondari wakieleza habari za antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Nao waliosikia huwaeleza wazazi wao. Tena kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, nchi nyingi hufundisha watu jambo hilohilo.

Jambo lenyewe ni hili. Umewahi kupalilia shamba lenye ndago? Ukikata majani tu, kwekwe laini hufa, lakini ndago hubaki ardhini, na baada ya siku chache shamba zima ni lake. Bakteria nao ni hivyo. Dawa huua kwanza walio dhaifu. Walio sugu hubaki, wakazaana, tena huwapa wenzao ule usugu. Kadiri tunavyotumia dawa ovyo, ndivyo tunavyowaachia nafasi. Si mwili wako unaoizoea dawa, bali ni vijidudu. Navyo vyaweza kumwingia jirani ambaye hajapata kumeza kidonge hata kimoja.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba atumiaye dawa kidogo kuliko ipasavyo huwazoesha vijidudu kushindana nayo. Na hasara imekwisha kuonekana. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu. Fikiri juu ya mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua, au mtoto mchanga mwenye homa kali. Dawa ikishindwa, tutawapa nini?

Labda utasema, “Zahanati ni mbali, na fedha yangu yatosha nusu ya dozi tu.” Najua, nami nimeyapita hayo. Lakini nusu ya dozi ni fedha iliyotupwa, maana ugonjwa waweza kurudi ukiwa mgumu zaidi. Tena mara nyingi dawa hiyo haihitajiki kabisa. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Mwanangu nilimpeleka zahanati. Mganga akampima, akasema apumzike na kunywa vinywaji vya kutosha. Baada ya juma moja alikuwa akicheza.

Basi, shika haya. Usinunue antibayotiki bila kuandikiwa. Ukiandikiwa, meza kwa saa na siku ulizoambiwa, hata ukijiona umepona. Usimgawie mwenzako. Usiwape kuku au ng’ombe dawa bila shauri la bwana mifugo. Na akikuambia ungoje siku kadhaa kabla ya kuuza mayai au maziwa, ngoja. Nawa mikono kwa sabuni, na wapeleke watoto chanjo, maana asiyeugua hahitaji dawa.

Na mtoto wako akirudi kutoka shule na maneno haya, usimwambie, “Nyamaza, wewe mdogo.” Msikilize. Kopo letu sasa tumetia chumvi.