Mtoto anayefadhiliwa akifariki, nani ampe pole mfadhili?

Barua ilifika Mikumi ikiwa na picha za kubandika za wanyama na swali moja kwa mtoto: je, umefaulu hesabu? Mtoto aliyeandikiwa alikuwa amezikwa wiki sita kabla.

Mama yake ni msikilizaji wetu. Alikaa na barua ile siku tatu bila kujua aijibu, airudishe kituoni au aiweke pamoja na madaftari ya marehemu. Siku ya nne alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. "Wanangu, kumbe huyu mtu hajui bado," alisema. "Sasa nani amwambie?"

Tumeona swali hilo si lake peke yake. Familia nyingi za Kilosa na Mikumi zina mtoto anayefadhiliwa kutoka nje, na jambo hili halisemwi mpaka limefika mlangoni.

Ufadhili unapita wapi?

Mfadhili huchangia kila mwezi kupitia shirika. Yapo mashirika yanayoelekeza mchango kwenye mahitaji ya mtoto mwenyewe, kama sare, vifaa vya shule na matibabu. Mengine huuingiza kwenye miradi ya kijiji kizima, kama visima na madarasa. Yote hutumia picha na barua kumuunganisha mfadhili na mtoto mmoja.

Utaratibu huu si mpya. Plan International ilianza mwaka 1937 kwa ajili ya watoto wa vita ya Hispania, na Compassion mwaka 1952 kwa yatima wa vita ya Korea. Tangu mwanzo walijua kwamba mtu humkumbuka mtoto mwenye jina na sura kuliko maelfu wasio na majina. Ndiyo maana mfadhili hubandika picha ya mtoto wako kwenye friji yake na kuhesabu miaka yake ya kuzaliwa.

Kwa nini taarifa huchelewa?

Barua haziendi moja kwa moja. Hupita kituoni, kisha ofisi ya taifa, ambako husomwa kwa ajili ya usalama wa mtoto na kutafsiriwa, halafu ofisi ya nchi ya mfadhili. Hapo wiki hugeuka miezi. Taarifa ya kifo inapopanda, barua ya mfadhili inaweza kuwa tayari inashuka. Mara nyingi hilo ndilo hutokea, wala si dharau ya mtu.

Lakini uzembe pia umewahi kutokea. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilichapisha uchunguzi wa waandishi wake waliofadhili watoto, kisha wakasafiri kuwatafuta. Nchini Mali waligundua mtoto mmoja alikwishafariki zamani, huku michango yake ikiendelea kupokelewa.

Wakati mwingine kimya huanzia nyumbani. Wazazi huogopa kwamba wadogo wa marehemu watakosa nafasi, au kwamba wataulizwa kwa nini hawakuwahi hospitali. Wengine husema tu, huyo wa mbali ataumia nini?

Huyo wa mbali anaumia

Huku kwetu msiba una watu. Majirani hulala matanga, daftari la rambirambi huzunguka, na kwa jamii nyingi za hapa zinazofuata ukoo wa mama, mjomba husimama kuzungumza. Aliyefiwa hapungukiwi mtu wa kumwambia pole.

Mfadhili hana hata kimoja. Hakumzika mtoto na hajawahi kumshika mkono. Kazini kwake akisema amefiwa, wataona ajabu. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, ameandika sana kuhusu huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiitambui. Anasema huwa nzito zaidi kwa sababu mwenye nayo hulia peke yake.

Filamu ya About Schmidt ya mwaka 2002 inaonyesha uzito wa kamba hii. Mzee Mmarekani aliyefiwa na mkewe anamwandikia siri zake zote mtoto anayemfadhili Tanzania, anayeitwa Ndugu. Sisi tunajua hilo si jina la mtoto. Ila mzee yule hakuwa amebakiwa na ndugu mwingine wa kumsikiliza.

Familia ifanye nini?

Mwambieni mratibu wa kituo siku ile ile, kama mnavyomwambia mjumbe. Mchagueni mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya ukoo.

Andikisheni kifo. Sheria inataka kifanyike ndani ya siku 30, na mtendaji wenu atawaelekeza pa kuanzia. Hati hiyo itaondoa maneno baadaye.

Semeni mnataka mfadhili aambiwe nini. Picha ya kaburi si lazima. Jambo moja alilolipenda mtoto linatosha.

Barua zikiendelea kuja, ombeni kituo kizizuie, au mzitunze kama mali ya marehemu. Amueni ninyi.

Msimtafute mfadhili mitandaoni, wala msitoe namba yake kwa mtu anayejitolea kumtafuta. Matapeli hupenda msiba. Na mkisikia amechukua mtoto mwingine, msione kwamba wenu amefutwa. Mashirika mengi humpa nafasi hiyo.

Mama yule alikwenda kituoni na shemeji yake. Mratibu aliandika, yeye akisema. Alieleza ugonjwa ulichukua siku ngapi na watu walivyojaa mazishini. Akamwambia mfadhili pole, kwa sababu na yeye amefiwa. Mwisho alijibu swali: ndiyo, hesabu alifaulu.

Majibu hayajarudi, na mama anasema hana haraka. Kama familia yako imepita njia hii, tuandikie. Tutalizungumza hewani bila kutaja jina lako.