Nyanya Akianguka, Utajuaje Kama Nyonga Imevunjika?

Je, msomaji, una nyanya au babu aliyebaki Kulesa, kando ya mto Tana, nawe uko Mombasa au Nairobi ukitafuta riziki? Huenda siku moja ukapigiwa simu uambiwe, "Nyanya ameteleza, lakini si neno, anakandwa mafuta." Usiridhike. Uliza maswali manne.

Kwanza, je, anaweza kusimama? Aliyevunjika nyonga kwa kawaida hawezi kuukanyagia mguu. Pili, anaumwa wapi? Mara nyingi ni kwenye kinena au ubavuni mwa nyonga, na pengine maumivu hushuka hadi gotini, watu wakadhani goti ndilo lililoumia. Tatu, akilala chali, miguu inalingana? Uliovunjika huonekana mfupi, wayo umegeukia nje. Nne, aliangukaje? Mifupa ya wazee ni dhaifu; kuteleza tu mlangoni kwatosha kuivunja.

Usidanganywe na ngozi isiyovimba. Nyonga imefunikwa na nyama nyingi, hivyo uvimbe huenda usionekane. Wapo hata wanaochechemea siku kadhaa mfupa ukiwa umepasuka.

Kumkanda au kumvuta mguu ni hatari, kwani vipande vya mfupa husogea na damu ikazidi kuvuja ndani. Alazwe, mto uwekwe katikati ya miguu, kisha ifungwe pamoja taratibu kwa leso. Abebwe juu ya ubao au kitanda. Asipandishwe pikipiki kamwe.

Apelekwe Hola, au kupitia Garsen hadi Malindi. Pigeni simu kwanza muulize kama mashine ya eksirei inafanya kazi na kama yupo daktari wa mifupa. Picha isipoonyesha kitu na mzee bado hawezi kusimama, rudini mkapimwe tena.

Kwa nini haraka? Inafaa mgonjwa apasuliwe katika siku mbili za kwanza. Mzee anayelala kitandani wiki nyingi hupata vidonda, nimonia na damu kuganda mishipani, na hayo ndiyo humuua. Tena wenyeji wa Tana wanajua jinsi mafuriko, kama yale ya 1997 na 2018, yanavyokata barabara.

Basi msingoje aanguke. Leo hii mpigie anayekaa na nyanya, umfundishe maswali haya manne.