Kichwa, Ncha au Kituo? Istilahi za Betri ya Pikipiki

Nachingwea imezoea kuzipokea mashine pamoja na majina yake. Mpango wa Karanga, ulioachwa mwaka 1951, uliingiza matrekta huko, na mafundi wakayapa maneno kabla ya kamusi yoyote kuyafikia. Leo chombo cha vijiji vya Nachingwea na Ruangwa ni pikipiki, na fundi aliye chini ya mwembe ana neno lake kwa kila sehemu ya betri yake ya volti 12. Mfasiri wa kijitabu cha maelekezo naye ana lake. Maneno hayo yasipokutana, anayeungua ni mwanafunzi wa ufundi.

Tuanze na mahali waya unapoungwa na betri. Kwa Kiingereza neno lake ndilo litumikalo pia kwa stendi kuu ya mabasi, hivyo mfasiri asiyeitazama betri yenyewe huandika: "Fungua kituo hasi kwanza." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, wala haina maana. Mafundi husema "kichwa cha betri", na wengine "teminali". Wako wanaopendelea "ncha", lakini neno hilo lina kazi tayari katika sumaku. Tena ncha huchoma, hali sehemu hii katika pikipiki ni kipande bapa cha risasi chenye tundu la bolti. Sisi twapendekeza "kichwa". Atakayesema kwamba neno hilo linaifaa zaidi betri ya gari, ambayo vichwa vyake ni vya mviringo na vimesimama, asema kweli. Lakini mguu wa meza nao haudaiwi vidole.

"Chanya" na "hasi" hayana ugomvi, ila yaandikwe pamoja na alama + na −, kwa kuwa hapa mpangilio ndio usalama. Hufunguliwa kichwa hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kufunga huanzwa na chanya. Sababu ni kwamba upande hasi umeungwa na fremu. Spana iliyoshika bolti ya kichwa chanya ikiigusa fremu kabla upande hasi haujafunguliwa, hutokea shoti, na cheche zake zaweza kuiwasha hidrojeni itokayo katika betri inayochajiwa. "Shoti" tunaliacha lilivyo.

Unga mweupe au wa kijani unaoota juu ya vichwa hivyo huitwa "kutu", na jina hilo hupotosha. Kutu ni ya chuma. Unga huu ni zao la asidi iliyokula risasi na shaba ya waya, nao hautaki mafuta ya kulainisha: wataka magadi yaliyoyeyushwa katika maji, ambayo huua asidi huku yakitoa povu. Yasiingie ndani ya betri. Kisha vichwa huoshwa, hukaushwa, hukazwa, na kupakwa grisi au mafuta ya mgando. Kitendo chenyewe twakiita "ulikaji", na unga wake "ukoga", kama ule wa meno. Mzaha wa kuuita "mba", kwa kuwa uko kichwani, tunawaachia mafundi.

Lakini neno la hatari kuliko yote ni "maji ya betri", ambalo hutumika kwa vitu viwili tofauti: asidi inayotiwa betri ikiwa mpya, na maji safi ya kuongezea kimo kinapopungua. Kinachopungua katika matumizi ya kawaida ni maji, asidi hubaki. Basi kijitabu kikisema "ongeza maji ya betri", msomaji aweza kuongeza asidi, mchanganyiko ukawa mkali na bamba za risasi zikaharibika. Au akachota ya kisimani, yenye chumvi zake. Twashauri kiandikwe "asidi ya betri" kwa kitu cha kwanza, na "maji yaliyokenekwa" kwa cha pili. Betri zilizozibwa kiwandani zisizofunguliwa ziandikiwe sentensi yake mbali, ili mtu asitafute kifuniko kisichokuwapo.