Leza ya njano na macho ya mgonjwa wa kisukari

Mgonjwa wa kisukari anaweza kuona vizuri kabisa huku mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho lake ikivuja. Tiba mojawapo ni leza, ambayo huunguza vidoa vidogo kwenye retina ili kuzuia uharibifu usienee.

Rangi ya mwanga huo si urembo. Njano ya nanomita 577 hunyonywa sana na damu, lakini hupita salama kwenye kitovu cha retina, sehemu tunayoitumia kusomea. Buluu hunaswa papo hapo na inaweza kukidhuru.

Shida ni kuipata njano yenyewe. Fuwele zenye neodimi, zinazotumika katika leza nyingi, hutoa mwanga usioonekana wa nanomita 1064. Urefu huo wa wimbi ukigawanywa mara mbili hutoka kijani cha 532. Kwa miaka mingi madaktari walitegemea leza za majimaji, zenye pampu na kemikali za sumu.

Ufumbuzi mmoja unatokana na ugunduzi wa C. V. Raman, aliyeonyesha mjini Kolkata mwaka 1928 kwamba mwanga ukipenya kitu, sehemu yake ndogo hutoka na rangi nyingine kwa sababu imeziachia molekuli nishati kidogo. Ni kama lori linalotoka Nimule kwenda Juba, Sudan Kusini, na kutozwa ushuru kizuizini. Kila fuwele ina kiwango chake kisichobadilika. Fuwele iitwayo KGW huweza kuushusha mwanga wa 1064 hadi 1159, ambao ukigawanywa mara mbili huwa njano ya 579. Almasi hutoza zaidi, na mwishowe hutoka rangi ya chungwa iliyokolea, 620.

Mwaka 1999 Helen Pask na Jim Piper wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walitangaza leza ya njano ya namna hii yenye nguvu ya zaidi ya wati 1. Leo zipo pia leza za njano zisizotumia njia ya Raman.

Kwa Juba, mji ulioishi kwa jenereta miaka mingi, tofauti iko kwenye umeme. Leza za zamani za gesi ya agoni zilikula kilowati kadhaa na kuhitaji maji ya kupozea. Za fuwele hukaa mezani.

Hata hivyo leza hii haiondoi mtoto wa jicho wala haitibu vikope, maradhi yanayowasumbua wengi Sudan Kusini. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri.